Nyekundu Isiyorowekwa

Mwanangu Salha,

Salamu utaipata kwa mdomo wangu kesho alfajiri, kwa hivyo hapa sianzi na salamu. Umetoka na mamako kwenda Kibokoni kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua shangazi zako hamtarudi kabla ya magharibi, maana kila nyumba itataka mle. Huku kumetulia. Nimekaa kwenye cherehani badala ya mezani, kwa sababu mkono wangu hapa ndipo ulipozoea kwenda sawa, na neno ninalotaka kukuandikia limenishinda kulisema nikiwa nimekaa mahali pengine popote.

Habari za Eldoret sina la kukwambia. Sijafika. Mbali nilikokwenda bara ni Voi, na nilirudi siku ya pili. Sweta mamako amekununulia mbili, blanketi limo sandukuni, na mambo ya kula, kulala na kusali ameshakusomea tangu juzi, mpaka mimi niliyekuwa nimekaa ukumbini nimeyahifadhi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka mitano. Ni habari ya ile bendera ya shule yenu.

Najua umeshajua ni ipi. Lakini niache niieleze tangu mwanzo, kama naieleza kwa mtu asiyeijua, kwa sababu nikiikata njiani nitapata pa kujificha, na mimi kwa kujificha ni hodari.

Kazi hii nimeirithi kwa babu yako, Mungu amrehemu. Yeye alianza kushona bendera wakati ile nyekundu tupu ya Sultani ikipepea juu ya Ngome. Uhuru ulipokuja akaambiwa ashone mpya, nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, na mistari miwili myeupe ya kuzitenga. Alipenda kusimulia kwamba vitambaa karibu vyote alikuwa navyo dukani. Nyeusi ilikuwa kaniki. Nyeupe ilikuwa merikani, aliyoifua na kuianika juani siku tatu mpaka ikatakata. Nyekundu ilikuwa ile ile iliyosalia ya Sultani. Kijani ndicho kilichomsumbua, akaenda kukitafuta kwa muuza vitambaa vya kufunikia jeneza. "Basi serikali mpya nliishona kwa masazo," akisema, kisha akicheka peke yake mpaka kikohozi kimshike.

Alinifunza vipimo kabla hajanifunza kutia uzi. Rangi tatu kubwa zina upana mmoja, na kila mstari mweupe ni sehemu moja ya sita ya upana huo. Ngao na mikuki miwili hukaa katikati, na sharti vionekane pande zote mbili, maana upepo haumwulizi mtu amesimama wapi. Mimi nikiwa kijana nilidhani kazi kubwa ni ngao. Babu yako alikuwa akinipigia kidole kwenye weupe. "Rangi kubwa hujishona zenyewe," akisema. "Fundi utamjua kwenye huu mstari mweupe." Na kweli, mstari ule ni mwembamba, umebanwa na rangi mbili, ukipinda hata kidogo mtu aliye barabarani anauona. Na ukichafuka hauna pa kuficha uchafu.

Kuna kisa chake kimoja ambacho sikuwahi kukusimulia, na sasa utaelewa kwa nini. Nilikuwa nimeshaoa, wewe hujazaliwa. Alishona bendera ya ofisi moja kule Mbaraki, akatia ngao upande mmoja, upande wa pili akasahau. Ikapandishwa hivyo hivyo. Kesho yake akaja karani, duka limejaa watu, akaitandaza mezani akasema, "Mzee, bendera yako hini ina mgongo." Watu wakaanza kucheka. Babu yako hakungoja hata karani amalize. Alisema, "Ni mimi, bwana. Mato yamenihadaa. Lete hapa." Akaketi, akashona ngao ya upande wa pili mbele yao, karani akingoja. Mimi niliona haya kwa niaba yake. Nilijiambia kwamba siku yangu ikifika sitakubali kuchekwa na watu namna ile. Ofisi ile ya Mbaraki iliendelea kushonesha kwake mpaka alipokufa, na mimi jambo hilo nililiona lakini sikulisoma.

Sasa nije kwako. Ulianza kuingia dukani ukiwa na miaka sita. Nilikuwa na majora matatu ya kitambaa cheupe, moja la kanzu, moja la makofia, moja la bendera, na mimi mwenyewe saa nyingine niliyachanganya. Wewe uliyatazama ukayapa majina: hii nyeupe ya wali, hii ya maziwa, hii ya meno. Nyeupe ya bendera ilikuwa ya meno. Tangu siku hiyo wateja wakinisikia nikiita, "Salha, nipe ile ya meno," hawaelewi. Nilikuwa nikikujaribu kwa vipande vidogo kama ukucha, nakugeuzia mgongo, nakuonyesha kimoja kimoja, na hukukosea hata mara moja. Macho hayo hukuyapata kwangu. Nilimwambia mamako kwamba duka hili lina mwenyewe, mimi namshikia tu.

Ulirudi siku moja kutoka shule umefunzwa maana za rangi, ukanisomea: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika tukipigania uhuru, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Kisha ukaniuliza, "Baba, mbona amani ni nyembamba?" Nilicheka. Nilikwambia ukamwulize mwalimu. Swali lako nimekuja kulikumbuka baadaye, mara nyingi, nikiwa nakata mistari ile.

Mwaka ule ulikuwa kidato cha pili. Ulikuwa skauti, na mwalimu mkuu alikuchagua wewe kuwa mpandisha bendera, kila Jumatatu na kila Ijumaa. Ulikuwa ukijizoeza hapa nyumbani na leso ya mamako na kamba ya kuanikia nguo. Ulituchosha kwa ukakamavu wako. Mamako akitaka kuanika, sharti kwanza asimame wima mpaka leso ifike juu. Bendera ya shule ilikuwa imepauka na kuchanika pembeni, wakaniagiza mpya, na wewe ukafurahi zaidi kwa kuwa utapandisha kazi ya mkono wa babako.

Nilikuwa na bendera tatu za kushona wiki ile: ya shule, na mbili za ofisi moja ya serikali. Nyekundu ilikuwa imeniishia. Nikapata kitambaa kipya kwenye ghala moja Shimanzi, kinang'aa, kizito, muuzaji akaniapia kwamba hiki ni cha kisasa, hakichuji. Nami nikaja mtaani nikilirudia neno lake kama nimelitunga mimi. Wiki nzima niliwasumbua watu wa barazani na kitambaa changu kisichotaka chumvi.

Na kila mtu wa mji huu anajua habari ya chumvi. Leso mpya hairuki kutoka dukani ikaingia kwenye maji ya sabuni. Hurowekwa kwanza kwa chumvi, ishike rangi yake, isije ikaharibu nguo za wenzake. Mamako alikufunza hilo ukiwa na miaka saba. Babu yako alifanya hivyo hivyo kwa kila nyekundu iliyoingia duka hili, usiku mzima ndani ya karai, kisha kuanika siku moja. Lakini ilikuwa masika, nguo hazikauki, na mimi nilikuwa na haraka. Tena nilikuwa na kiburi, na nadhani kiburi ndicho kilichokuwa kikubwa.

Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, unakunja pindo. Uliniona nachukua mkasi.

"Baba, hini nyekundu haiyarowekwa," ulisema.

"Haina haja. Hichi ni kitambaa cha kisasa, hakichuji."

"Mama asema chochote chekundu hurowekwa."

"Mamako ajua leso, mimi najua bendera. Sogeza taa."

Ulisogeza taa. Ukarudi kwenye pindo lako. Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyokuwa, kwa sababu nimeyasikia kila mara nikishika kitambaa chekundu, na sitaki uende bara ukidhani labda babako aliyasahau.

Jumatatu uliipandisha. Niliambiwa na wenzio ilipendeza. Mvua ikaanza saa nne ikapiga mpaka adhuhuri, na hakuna aliyekumbuka kuishusha. Alasiri mwalimu mkuu alikuja mwenyewe dukani, ameikunja ndani ya gazeti. Alikuwa mtu mpole, Mungu amrehemu, hakupaza sauti. Aliifungua juu ya meza akasema, "Fundi, tazama." Nikatazama. Mistari myeupe ilikuwa rangi ya sharubati. Nyekundu ilikuwa imeshuka michirizi mpaka kwenye kijani, na ngao ilionekana kama imefutiwa meza.

Barazani alikuwepo Bwana Athmani wa makofia, ambaye duka lake na letu yanatazamana. Alikuwepo pia yule afisa aliyekuja kuchukua bendera zake mbili, zilizokatwa kwa kitambaa hicho hicho. Zilikuwa zimekunjwa kwenye rafu, juu ya kichwa changu. Na wewe ulikuwa mlangoni, na sare ya shule, umefuata nyuma ya mwalimu wako kwa wasiwasi.

Nilipaswa kusema maneno ya babu yako. Yalikuwa machache, nilikuwa nayo. Nikamwona afisa anainua macho kwenye rafu. Nikakunyoshea kidole.

"Ni huyu," nilisema. "Kazi ya kuroweka nlimwachia yeye, akasahau. Watoto wa siku hizi, mwalimu, akili zao haziko."

Mwalimu mkuu akakugeukia. Wewe hukumtazama yeye, ulinitazama mimi, mara moja tu. Niliona ukingoja. Ulinipa nafasi, mwanangu, nafasi ya kutosha kabisa, na mimi nikashika uzi nikaanza kuutafutia tundu la sindano.

"Nisamehe, mwalimu," ulisema. "Nlisahau."

Hukusahau. Katika duka lile, siku ile, wewe ndiye pekee uliyekumbuka.

Akakwambia kwa upole, "Basi, Salha, bendera mwachie mwengine kwa sasa." Ile kwa sasa ilidumu mpaka ukamaliza shule. Afisa nilimwambia zake bado zina unyevu, azifuate Alhamisi, na alipoondoka nikazifumua zote mbili, nikaroweka nyekundu kwa chumvi, nikazishona upya. Kwa hivyo usidhani sikujua la kufanya. Kwa ajili ya afisa nilijua.

Uliporudi nyumbani mamako alikuwa ameshasikia, maana habari za mji huu hazihitaji miguu. Alikufokea. Alikuuliza mafunzo yake yote ya leso yalikwenda wapi. Mimi nilikuwa nimesimama papo hapo mlangoni, kofia mkononi, na nilipita nikaenda kutawadha. Nilisali magharibi, tena nikasali kwa kituo, na sijui nilikuwa nikimwambia nini Mwenyezi Mungu.

Tangu siku hiyo hujaingia dukani. Hukuninunia. Ningepona kama ungeninunia. Uliendelea kuniletea chai kila alasiri, tangawizi kama ninavyoipenda, lakini ulikuwa ukiiweka kizingitini, unasema, "Baba, chai," unaondoka. Miaka mitano chai yangu nimeifuata kizingitini. Wateja walidhani ni adabu, na mimi nikawaacha wadhani. Skafu yako ya skauti niliiona mwaka uliofuata, mamako amefungia mtungi wa achari. Aliikuta imetupwa kwenye nguo za kufutia. Nililiona fundo lile jekundu juu ya mtungi kila siku nikila, na nikala hivyo hivyo.

Utaniuliza mbona sikusema mapema. Nilijaribu, kwa kujaribu kwangu. Idi ile ya kwanza ulipokuja kunipa mkono nilishika mkono wako nikaushikilia, ukangoja, nikakuuliza kama viatu vyakubana. Matokeo ya mtihani yalipotoka nilikuja mpaka mlango wa chumba chako, nikasikia wacheka na mwenzio kwenye simu, nikajiambia mtoto amefurahi leo, kwa nini nimharibie. Mwoga hakosi sababu nzuri. Nilikuwa nikijiambia pia kwamba kwanza nitakwenda kwa mwalimu mkuu nimweleze, kisha nitakuja kwako nikiwa nimeshatakata. Nilisema wiki ijayo. Mwaka jana akafariki. Nilimsalia nikiwa safu ya tatu, nikatia mchanga kaburini mara tatu kama wenzangu, na ukweli wake nikarudi nao nyumbani. Amekwenda akiamini kwamba wewe ni msahaulifu na mimi ni fundi. Hilo sina chumvi ya kulirowekea tena.

Siku uliposema unataka kusomea uuguzi nilifurahi kwa sauti kubwa kuliko watu wote, na mamako akanishangaa. Uuguzi ni kazi ya heshima na wewe utaifanya vizuri, sikusikitikii kwa hilo. Nasikitika kwa hili duka. Lilikuwa na mwenyewe, nami nikamtoa nje kwa kidole kimoja. Nikikata nyeupe siku hizi huisogeza mlangoni kwenye mwanga, naitazama sana, na bado sina hakika kama ni ya meno au ya maziwa.

Leo asubuhi nimemwambia mamako. Alikuwa akikunja nguo zako. Nilimwambia kila kitu, pamoja na maneno ya kitambaa cha kisasa. Hakuinua uso. Aliniuliza, "Na siku ile n'kimfokea, wewe ulikuwa wapi?"

"Nalikuwa pale mlangoni," nikamjibu.

Aliendelea kukunja. Mchana nimepakuliwa pilau, na nyama nimetiliwa, lakini sikukaribishwa. Kwa hivyo ukiona usiku wa leo mamako anakukumbatia bila sababu, sababu ni hiyo, na umwache.

Kisha nikavuka njia kwa Bwana Athmani. Nilichukua na ile bendera. Ninayo, mwalimu mkuu aliiacha juu ya meza siku ile, na bendera hata ikiharibika haitupwi jaani, basi niliikunja nikaiweka chini ya majora. Niliitandaza juu ya makofia yake, nikamwambia kwamba siku ile nilisema uongo, mtoto hakuachiwa kazi yoyote, mtoto ndiye aliyenionya. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mshangao wake. Yeye alivua miwani akaifuta.

"Twajua," aliniambia. "Wiki ile nzima ulitutia mashakani na kitambaa chako kisichotaka chumvi. Leo mtoto awe ndiye aliyesahau kuroweka?"

Nilimwuliza mbona hakusema siku ile ile.

"Mtoto amekusitiri," akasema. "N'nani mimi nikufunue?"

Nimerudi nikakaa hapa. Yule afisa mwaka uliofuata hakurudi, wala wa baada yake, na mimi nilikuwa nikisema serikali imebadilisha mambo. Sasa naelewa. Jina nililokuuza ili nilinunue halikuwepo tangu dakika ile ile niliponyosha kidole. Watu walikuwa wakinisalimu barabarani, wakiniamkia, wakiniita fundi, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na tano alisema nlisahau, nao wakaona haya kumvunjia neno lake. Miaka mitano nimetembea ndani ya sitara yako nikidhani ni heshima yangu.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Mtu akiomba msamaha kisha akalia sana, aliyekosewa ndiye huishia kumbembeleza, na hiyo pia ni aina ya wizi. Wewe umeshanibeba vya kutosha.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho nakijua sasa, na nilikilipia ghali, basi chukua. Huko wodini utafika siku ukawa mkubwa, wewe ndiye mwenye kushika mkasi. Atakuja mtu mdogo kuliko wewe, mwenye kukunja pindo, akwambie kitu fulani hakijarowekwa. Utakuwa na haraka, tena atakuwa amekwambia mbele za watu. Sikufundishi la kufanya, wewe ulilijua ukiwa kwenye kigoda. Nakwambia tu kwamba siku hiyo itakuja na uso wa kawaida kabisa. Mimi nilidhani siku ya kumwangusha mtoto wangu ingekuja na ngoma. Ilikuja na chai ikiwa jikoni.

Na nikupe jingine, la kwako mwenyewe. Ile kawaida yako ya kuwasitiri watu kwa kujibebesha makosa yao, uliianza hapa, kwa ajili yangu. Mamako huisifu, asema mtoto huyu hana maneno. Mimi ndiye ninayejua ilikotoka, na nakuomba usiende nayo Eldoret. Ukiambiwa umesahau na hukusahau, sema hukusahau. Hata kama aliyesema ni mkubwa wako. Hata kama ni mimi.

Lile swali lako la amani sijapata jibu la mwalimu, nina la fundi tu. Mistari ile ndiyo inayofanya nyekundu isiguse nyeusi wala kijani. Haihitaji kuwa mipana, yahitaji kushonwa vizuri na kutoingiliwa. Baina yangu na wewe kulikuwa na kitu kama hicho, chembamba, na mimi ndiye niliyekiingilia. Nimekisugua miaka mitano kwa viatu vya Idi, kwa pesa za sweta, kwa kucheka sana wakati si wa kucheka. Rangi iliyoingia kwenye weupe haitoki kwa kusuguliwa, wewe wajua kuliko mimi. Sharti kufumua na kukata upya.

Karatasi hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Ukirudi utaiona, na mimi nitakuwa msikitini, nitachelewa kurudi kwa makusudi, ili usome bila kusikia kikohozi changu ukutani. Usinijibu usiku huu. Kula, lala.

Kesho alfajiri, kabla hatujatoka kwenda kwenye treni, desturi yataka uje kwangu, unishike mkono, utake radhi za safari, nami niseme radhi zangu unazo. Unazo, mwanangu, ulikuwa nazo tangu hujajua kusema. Lakini kesho usije. Nakuomba, kaa chumbani mwako. Kwa mara moja katika nyumba hii mzazi ndiye atakayekuja kwa mtoto, na mamako nimeshamwambia asishangae.

Nitachemsha chai mwenyewe. Tangawizi sijui kipimo chako, nitakisia. Nitaileta mpaka kizingitini, nitaiweka chini, nitasema, "Salha, chai," na nitasimama hapo hapo nje. Ukiniambia niingie, nitaingia. Usiponiambia, sitauliza, wala sitakunungunikia moyoni, nitabeba sanduku lako nitangulie nalo chini. Wewe kunywa chai, mamangu. Safari ni ndefu, na huko wasema ni baridi.

Babako